Miguu ya Watasema

Taarifa ya mkemia iliingia Kibondo Jumatatu asubuhi, ndani ya bahasha ya kaki yenye mihuri mitatu, na ilikuwa fupi kupindukia kwa karatasi iliyosubiriwa karibu mwezi mzima. Damu ya mbwa: haina sumu. Mabaki ya ugali na dagaa kwenye bakuli la mbwa: hayana sumu. Mkaguzi Msaidizi Tunu Abdalah aliisoma mara mbili akiwa amesimama, kisha akaipeleka chumba cha pili kwa Inspekta Abbasi, mwendesha mashtaka.

Abbasi aliisoma, akaigeuza nyuma kutazama kama kuna zaidi.

"Basi hakulishwa sumu," akasema. "Alipigwa."

"Na nani, afande?"

"Na yule yule. Pasikali."

Pasikali alikuwa mlinzi wa ghala la maharage la Bwana Omary Saady, kule mjini karibu na soko. Alfajiri ya tarehe kumi na moja Juni alikwenda bombani kuchota maji, akaacha lango mikononi mwa mbwa, dume kubwa la masikio yaliyosimama, la jamii ile inayoitwa mbwa wa polisi. Aliporudi, kufuli la nyuma lilikuwa limekatwa na magunia yamepakiwa kwenye fuso. Wezi watatu walikamatwa siku ile ile njia ya Kasulu, wakakiri bila kusumbua. Jambo moja tu walilikana wote watatu, kila mmoja chumbani kwake: hawakuwa na mtu wa ndani. Mbwa je? Mbwa alibweka, akajivuta kwa miguu ya mbele hatua mbili tatu, akakaa. Nao wakaendelea kupakia.

Hapo ndipo Pasikali alipokwama. Kwenye maelezo yake alisema mbwa alikuwa mzima kabisa, jana yake alikimbia vizuri. Mbwa aliyekimbia jana, leo anaburuta makalio, na mtu pekee aliyekuwa naye ni mlinzi. Bwana mifugo wa kata aliyeitwa siku ile akaandika kwamba mnyama ana michubuko chini ya tumbo, kuzunguka ubavu hadi ubavu, kama ya kamba. Abbasi hakuhitaji zaidi. Mzee wa watu akaunganishwa na wezi, akakosa wadhamini, akapelekwa mahabusu.

"Kesi inatajwa tena tarehe ishirini," Abbasi alisema. "Sumu haipo, sawa. Niletee aliyempiga na alichompigia."

"Na kama hakupigwa?"

Abbasi alimtazama juu ya miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa majalada. "Tunu, mbwa huyo alikuwa analinda ghala. Leo hasimami. Kitu kimemfanya asisimame. Wewe niambie ni kitu gani, mimi nitakiandika."

Tunu alimpitia Daktari Isack ofisi za mifugo, wakaenda pamoja hadi ghalani. Daktari huyu alikuwa kijana wa Mbeya, mwaka wa pili kazini, mtaratibu, anayependa kuinama na kutazama kwa muda kabla hajafungua mdomo. Tunu alikuwa wa Pangani, na huko kwao mbwa hakuingia ndani ya ua. Ilikuwa Ramadhani, tena kumi la pili. Tangu apewe jalada hili hakuwa amemsogelea mnyama huyo karibu zaidi ya hatua tano.

Bwana Omary aliwapokea kwa kofia na kanzu ya kijivu, midomo imemkauka kwa saumu. "Karibuni. Yuko kule barazani. Mnamwona anavyoaibika mwenyewe."

Mbwa alilala juu ya magunia mawili matupu. Jina lake Watasema. Kifua chake kilikuwa kipana, manyoya meusi mgongoni, na alipowaona wageni alijiinua mbele vizuri kabisa, shingo imesimama. Nyuma akabaki chini kana kwamba ni mnyama mwingine aliyeunganishwa.

Kabla yao mwanamke mmoja alikuwa amekwisha kufika. Alikunja kitenge mara tatu kwa urefu, akakipitisha chini ya tumbo la mbwa karibu na mapaja, akashika ncha mbili juu ya mgongo, akanyanyua. Watasema akasimama. Miguu ya mbele ikatembea; ya nyuma ikaning'inia na kufuata, vidole vikichora saruji. Wakafika kwenye majani, mbwa akajisaidia, wakarudi.

"Huyo nani?" Tunu aliuliza polepole.

"Ernesta. Mkewe Pasikali," Bwana Omary akasema, na kidogo aliona haya. "Anakuja kila siku. Sijamzuia."

Tunu alisubiri Ernesta amlaze mbwa. Halafu alitazama ule upande wa tumbo ulipopita kitenge. Manyoya yalikuwa yamenyonyoka kwa mstari mpana, ubavu hadi ubavu, ngozi imekuwa nyekundu kiasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Kumnyanyua hivyo, nani alikufundisha?"

"Mume wangu."

"Lini?"

Ernesta alianza kukunja kitenge upya, ingawa kilikuwa kimekunjwa.

"Mama Ernesta, mumeo alikamatwa asubuhi ile ile mbwa aliposhindwa kusimama. Hajarudi tangu siku hiyo. Alikufundisha lini?"

"Muulizeni mwenyewe," mwanamke akasema, akajifunga kitenge kiunoni, akaondoka.

Daktari Isack alikuwa amepiga magoti. Alipitisha kidole gumba juu ya uti wa mgongo, mfupa baada ya mfupa, akibonyeza. Mbwa alimtazama kwa udadisi tu. "Angekuwa amepigwa mgongoni nisingebaki na mkono," daktari akasema. Kisha wakamsimamisha, Bwana Omary mwenyewe akishika kiuno. Daktari alichukua unyayo wa mbele akaukunja, mgongo wa kidole ukigusa saruji. Papo hapo mbwa akaurudisha. Akachukua wa nyuma, akaukunja vile vile. Ukabaki umekunjwa. Walisubiri. Uliendelea kubaki.

"Hajui mguu wake uko wapi," daktari alisema. "Mguu haumuumi. Umempotea."

"Daktari, naomba nione kucha," Tunu akasema.

Alisogea. Hatua zile tano ziliisha, akachuchumaa. Kucha za mbele zilikuwa ndefu, nyeusi, zimepinda. Za nyuma, zile mbili za katikati kwa kila mguu, zilikuwa zimesagika kwa juu mpaka karibu na nyama, na ngozi ya juu ya vidole imekuwa sugu.

"Kucha kusagika hivi juu ya saruji, inachukua muda gani?"

"Miezi. Mitatu hivi, au minne."

"Tangu tarehe kumi na moja Juni mbwa yupo juu ya gunia. Leo ni tarehe sita Julai."

"Basi hazikusagika Juni."

Tunu alisimama, akamgeukia Bwana Omary. "Wewe unafika ghalani saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Unamkuta wapi?"

"Langoni, amekaa, kifua mbele. Kila siku. Namsemesha, ananitegea masikio." Bwana Omary alimgeukia mbwa. Uso wake ulianza kubadilika. "Afande. Mimi sijamwona akitembea tangu... sikumbuki."

"Pasikali alikuwa anamweka pale kabla hujafika."

"Maana yake alinidanganya."

"Alitudanganya sote. Na uongo wenyewe unamfunga yeye." Hilo ndilo lililomsumbua Tunu. Alikuwa amesikia uongo mwingi katika miaka kumi na miwili ya kazi, na mwingi ulikuwa wa kumtoa mtu matatani. Huu ulikuwa wa kumwingiza.

Daktari Isack alinawa mikono, akasema kwamba kuna ugonjwa anaoufikiria. Aliusoma chuoni Morogoro, hajapata kuuona kwa macho. Unakula nyuzi za uti wa mgongo kidogo kidogo, unaanzia nyuma, kwa mbwa wa jamii hii wakifika miaka minane, tisa. Hauna maumivu wala dawa, na unarithiwa. "Kuna njia mbili za kuujua. Ya uhakika kamili ni kumpumzisha mbwa, nikachukua uti wa mgongo ukaenda kutazamwa kwa darubini. Ya pili ni kipimo cha vinasaba, ute wa mdomoni tu. Kinafanyika Afrika Kusini. Wiki sita."

"Mchukueni," Bwana Omary akasema. "Mbwa ni wangu. Kama kufa kwake kunamaliza mambo, si anakufa tu?"

Abbasi naye, alipopigiwa simu, alisema hivyo hivyo: njia ya uhakika, na ya haraka. Tunu aliomba siku moja.

Pasikali aliletwa kwenye chumba cha mahojiano cha gereza akiwa amevaa sweta lililotoboka kiwiko. Alikuwa na miaka hamsini na ushei, mwembamba, mikono mirefu. Alikaa baada ya kuambiwa.

"Mzee Pasikali, mbwa alianza kuburuta miguu lini?"

"Nilishaandika, afande."

"Uliandika kwamba jana yake alikimbia. Nimeona kucha zake."

Mzee alitazama meza. Nje mtu alikuwa anafagia, ufagio ukipita taratibu.

"Mwezi wa pili," akasema mwishowe. "Kwanza alikuwa anajikwaa. Nikasema uzee. Mwezi wa nne hakuweza ngazi. Nikachukua kitenge cha mama."

"Kwa nini hukumwambia bosi wako?"

"Afande, mbwa asiyekimbia anafanya nini ghalani? Angepigwa risasi siku ile ile. Bosi si mkatili, ndivyo inavyofanyika. Nikawa namnyanyua alfajiri, namkalisha langoni, watu wanamwona. Mwizi akimwona kifua tu, anatosha. Mimi mwenyewe sikulala."

"Siku ile ukaenda bombani."

"Dakika kumi. Maji yake yalikuwa yamekwisha."

"Ulipokamatwa ungesema ukweli. Ungekuwa umetoka."

"Na yeye?" Pasikali aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Mimi nilikuwa nimekwisha fungwa. Ningesema ni mlemavu tangu Februari, jioni yake wangemmaliza. Nikaona tubaki wawili."

Tunu aliandika. Aliandika kila neno, kwa sababu maelezo ya kwanza yalikuwa ya uongo na haya ya pili yalihitaji kusimama peke yake. Kisha akamweleza zile njia mbili bila kumficha: kwamba kifo cha mbwa kingeleta jibu la hakika, pengine kabla ya kesi kutajwa, na kwamba kipimo kingechukua wiki sita, na yeye muda huo angekuwa hapa hapa.

"Sina uwezo wa kukuahidi kwamba kipimo kitasema unachotaka," akaongeza.

"Mwenye mbwa amesemaje?"

"Amekubali auawe."

Pasikali alisugua viganja vyake. "Nina siku ishirini na tano humu. Wiki sita nitaziweza. Mwambie bosi namwomba, kwa miaka nane niliyomlindia, angoje." Halafu, kana kwamba ni jambo dogo, akasema: "Mbwa huyu ana dada yake Kasulu. Nilipomchukua walikuwa wamebaki wawili, alibaki kajike. Kwa Mama Yusta, mkunga wa zamani, njia ya Kabanga. Kama ugonjwa ni wa ukoo, si na yule angekuwa nao?"

Tunu aliacha kuandika. Hilo ndilo alilokuwa akilitafuta tangu asubuhi bila kujua linaitwaje: mbwa wa pili, ambaye Pasikali hajamgusa kwa miaka minane.

Bwana Omary alikubali kungoja. Alikubali kwa kunung'unika, lakini alikubali.

Walikwenda Kasulu wiki iliyofuata Idi, kwa gari la idara ya mifugo, vumbi jekundu likiwafuata njia nzima, mara kwa mara wakipishana na malori ya wakimbizi wapya kutoka Burundi yaliyokuwa yakielekea Nyarugusu. Mama Yusta alikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma na bustani ya migomba iliyopaliliwa kama inatarajia mkaguzi. Mwanamke mfupi, mkavu, sauti ya kuamuru watu wasukume.

"Mmekuja kwa ajili ya Malkia," akasema, hata kabla hawajakaa. "Hatimaye. Niliripoti kwa mtendaji mwezi wa tatu."

"Uliripoti nini, mama?"

"Kwamba jirani yangu kamvunja mgongo." Alionyesha kwa kidevu ua wa pili, ambako kanga zilikuwa zimeanikwa. "Firdausi. Muuza vitumbua. Mbwa alikuwa akipita kwake, kammwagia maji ya moto au kampiga mchi, Mungu anajua. Miaka kumi na tano tumeishi kama ndugu. Watoto wake wanne nimewapokea kwa mikono hii. Sasa hatusalimiani."

"Ulimwona akimpiga?"

"Sikumwona. Lakini mbwa hawezi kuvunjika mwenyewe."

Tunu na daktari walitazamana. Malkia alikuwa kivulini nyuma ya jiko, mdogo kuliko kaka yake, kifua kile kile. Hakukuwa na kovu la kuungua popote. Daktari alikunja unyayo wa nyuma. Ukabaki umekunjwa. Kucha mbili za katikati zilikuwa zimesagika kwa juu.

"Wazazi wake walitoka wapi?" Tunu aliuliza.

Mama Yusta aliingia ndani akatoka na daftari la mistari, la wakati ule alipokuwa akiandika uzazi wa watu. Kurasa za mwisho alikuwa ameandika uzazi wa mbwa kwa mwandiko ule ule: tarehe, saa, wangapi hai, wangapi wafu, aliyemchukua nani. Dume na jike waliachwa na wageni wa shirika moja la wakimbizi walipofunga kazi. "Walikuwa wa tumbo moja, kaka na dada. Mimi sikujua kama ni vibaya. Wanyama." Jike aliumwa na nyoka akiwa na miaka mitano. Dume aligongwa na lori. Wote wawili walikuwa wazima wa miguu mpaka siku ya kufa.

"Hapo ndipo panaponishinda," Tunu alisema. "Daktari, kama ni wa kurithi, wazazi wazima wamerithisha nini?"

"Unaijua selimundu, afande?"

Dada yake Tunu wa Pangani alikuwa na mtoto mwenye selimundu. Baba mzima, mama mzima, mtoto anaumwa mifupa mpaka anapelekwa kwa machela. Kabla hospitali haijapima damu, mawifi walikuwa wamekwisha kumtaja mchawi, tena kwa jina, na mwanamke huyo alihama mtaa. "Naijua," akasema.

"Ni vile vile. Kila kiumbe ana nakala mbili za kila maagizo ya mwili wake, moja ya baba, moja ya mama. Mwenye nakala moja mbovu hana shida, ile nzima inafanya kazi. Lakini wakikutana wawili wenye moja mbovu, na ndugu ni rahisi sana kuwa hivyo, baadhi ya watoto wanapata mbovu zote mbili. Hawa huzaliwa wazima. Ugonjwa unangoja."

Mama Yusta alikuwa amekaa juu ya kigoda, daftari mapajani. Miaka thelathini ya ukunga ilikuwa imemfundisha kuelewa haraka. "Kwa hiyo ni mimi niliyewaunganisha," akasema.

"Hukujua, mama. Na bado hatujapima."

Walipima. Tunu alisimamia kila hatua kwa sababu alijua Abbasi angemuuliza kila hatua. Daktari alivaa glovu mpya, akasugua brashi ndogo ya plastiki ndani ya shavu la Malkia, kushoto kisha kulia, akaiacha ikauke hewani, akaitia kwenye bahasha ya karatasi. Bahasha ikaandikwa jina la mbwa, tarehe, saa na mahali. Daktari akasaini, Mama Yusta akasaini, Tunu akasaini juu ya mkunjo na kugonga muhuri. Ute wa Watasema ulikuwa umechukuliwa Kibondo kwa namna ile ile siku iliyotangulia. Ilibidi Tunu ashike taya, maana Malkia hakutulia kwa mtu mwingine yeyote. Baadaye aliomba maji na udongo, akanawa mara saba kama alivyofundishwa utotoni, na Mama Yusta alimmiminia bila kuuliza kitu.

Wakati wa kuondoka, Tunu alisimama kwenye ua wa jirani. Firdausi alikuwa akikoroga unga wa mchele. Alimuuliza swali moja tu.

"Nilimwona Malkia akianguka mwenyewe, pale kwenye mtaro," Firdausi akasema. "Wiki kama mbili kabla hajanishtaki. Nilitaka kumwambia. Kisha akaja na maneno yale, nikanyamaza."

Majibu yalifika tarehe thelathini na moja Agosti kwa barua pepe, na daktari akayachapa kwenye karatasi mbili. Mji ulikuwa umejaa magari ya kampeni na vipaza sauti. Abbasi alifunga dirisha ili asikie.

"Watasema: nakala mbili mbovu. Malkia: nakala mbili mbovu," daktari alisoma.

"Kwa hiyo imethibitika wana ugonjwa."

"Hapana, afande. Imethibitika wana urithi wa ugonjwa. Wapo mbwa wenye nakala mbili wanaozeeka bila kuugua."

Abbasi aliweka kalamu chini. "Daktari, unanisaidia au unanizuia?"

"Nakwambia kilichoandikwa."

"Ngoja, afande," Tunu alisema. Alipanga karatasi mezani moja baada ya nyingine. "Sumu hakuna, mkemia amesema. Mgongo haukuvunjwa, haumuumi. Michubuko ni ya kitenge. Nimemwona mkewe akinyanyua, upana ni ule ule, nimepima. Kucha zinasema ugonjwa ulianza miezi kabla ya wizi. Wezi watatu, kila mmoja peke yake, wamesema mbwa alijivuta. Na huyu hapa dada wa tumbo moja, yuko Kasulu, Pasikali hajamwona tangu mwaka elfu mbili na saba, ana miguu ile ile, kucha zile zile, na nakala zile zile. Kipimo peke yake hakitoshi. Pamoja na haya, niambie kilichobaki dhidi ya mzee huyu."

Abbasi alisoma karatasi zote. Alichukua muda mrefu. Nje gari la kampeni lilipita, likarudi.

"Kimebaki kwamba alitoa maelezo ya uongo polisi," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa sababu gani?"

"Imo kwenye maelezo ya pili. Ukurasa wa tatu."

Abbasi aliufungua ukurasa wa tatu, akausoma, akafunga jalada. "Siku themanini na moja zinamtosha," akasema. "Nitaondoa mashtaka kesho asubuhi. Wale watatu waendelee na kesi yao."

Tunu alimpigia simu Mama Yusta kabla hajatoka ofisini. Mama Yusta alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama waliochukua watoto wengine walioandikwa kwenye daftari waambiwe, akaambiwa ndiyo, na mbwa hao wasipandishwe kabla hawajapimwa. "Nitawafuata mmoja mmoja," akasema. "Lakini kwanza acha nivuke hapo kwa Firdausi. Usikate, afande. Nikishindwa kuanza utanisemea wewe." Simu ilibaki wazi. Tunu alisikia kandambili zikivuka ua, mlango wa bati, kisha sauti ya mkunga ikisema hodi mara ya pili kwa sababu ya kwanza haikutoka. Hapo akakata mwenyewe.

Siku iliyofuata, saa nne, Pasikali alitoka. Bwana Omary alikuwa langoni mwa gereza na pikapu yake, akiwa amesimama pembeni kama mtu aliyekuja msibani asijue aanze na nani. Ernesta alikuwa nyuma ya pikapu, juu, na Watasema. Daktari Isack na Tunu walikuwa wamewafuata kwa pikipiki.

"Pasikali," Bwana Omary alianza, "mimi nilikuona mwizi."

"Na mimi nilikuficha, bosi. Miezi minne."

"Ungeniambia."

"Ungengoja?"

Bwana Omary alifikiri kwa haki. "Nisingengoja," akasema. "Mwezi wa pili nisingengoja. Sasa nimengoja, nimeona inawezekana." Aliondoa kofia, akaipiga vumbi, akairudisha. "Kazi yako ipo. Na mbwa ni wako, ukimtaka. Nitaleta mwingine wa kulinda, huyu akae tu."

Pasikali aliitikia kwa kichwa. Alipanda nyuma ya pikapu. Watasema alinguruma kwa furaha kooni, kifua juu, akajivuta na kutia kichwa chote chini ya kwapa la mzee. Nyuma alikuwa amezidi kukonda. Ernesta alikuwa amemfunga soksi kwenye vidole.

"Ana muda gani?" Pasikali alimuuliza daktari.

"Miezi. Utafika wakati na mbele patalegea. Ukifika niite, usingoje."

"Nitakuita." Alimpapasa mbwa mgongoni, mkono ukishuka taratibu mpaka kiunoni, ukasimama hapo. "Daktari, huo ugonjwa. Alizaliwa nao kweli? Si wa kupata baadaye, kwa kuanguka?"

"Alizaliwa nao. Kabla hajafumbua macho alikuwa nao."

Mzee hakuondoa mkono. Wote walimngoja, wasijue wanangoja nini.

"Siku nilipomleta kutoka Kasulu," akasema, "nilimfunga kwenye kapu nyuma ya baiskeli. Pale kwenye mteremko wa mto breki zilikatika, tukaanguka wote. Kapu likabingirika. Alilia kidogo, akanyamaza, nikamwangalia, nikaona mzima. Sikumwambia mtu. Hata mama huyu sikumwambia." Ernesta alimgeukia. "Miguu ilipoanza, nikajua. Nikasema ni lile kapu, limengoja miaka nane. Gerezani, afande, hayo ya wizi sikuyawaza sana, nilijua sikuiba. Nilikuwa nawaza kapu."

Tunu alikuwa amesimama chini, mkono wake juu ya ubao wa pikapu. Alifungua jalada, akatoa nakala ya majibu, akampa. Pasikali hakuweza kusoma Kiingereza, lakini aliishika kwa mikono miwili, na daktari akamwonyesha kwa kidole mstari wenye jina la mbwa na tarakimu mbili zilizokuwa mbele yake.

"Moja ya baba," daktari alisema. "Moja ya mama."

"Na ya baiskeli?"

"Haimo."

Pasikali aliikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa sweta, akagonga bati la pikapu mara mbili kumwambia Bwana Omary kwamba wako tayari kwenda nyumbani.